Simu ya mkopo: mtu akitaka kujitoa kabla ya mkataba kuisha, akirudisha simu deni linakufa?

#1 BintiJambiani
Assalaam alaykum wana jamvi. Nauliza kwa niaba ya mama yangu mdogo, yuko Jambiani, analima mwani. Alichukua simu ya mkopo mjini, kianzio 60,000, halafu 1,300 kila siku kwa mwaka mzima. Simu ile ile dukani kwa taslimu ni 320,000.

Tabu ni kwamba pesa ya mwani haiji kila siku. Mama anavuna kwa bamvua, siku maji yanapokupwa sana, anaanika, anangoja mnunuzi aje na mizani, ndo anashika pesa. Siku za katikati simu inajifunga, kioo kinabaki na maandishi ya kumtaka alipe. Juzi mnunuzi kampigia hakumpata, kanunua kwa jirani akaondoka.

Kachoka, anataka kuirudisha. Wakala kamwambia hata akirudisha, deni liko pale pale mpaka mwaka uishe. Mimi hili haliniingii akilini. Kuna aliewahi kujitoa? Ilikuaje?

#2 Fundi_Mlandege
Wa alaykum salaam. Nianze na lile ambalo watu watakushauri pembeni: asipeleke simu kwa mtu kuflashi, yaani kufuta programu zake na kuzipakia upya. Simu za mkopo hazifungwi kwa namba ya siri iliyomo ndani ya simu. Namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu yenyewe, imeandikishwa kwenye mfumo wa kampuni, na simu kila ikishika intaneti inauliza huko: niwe wazi au nijifunge? Unaflashi leo, inakaa wazi, ukiwasha data tu inajifunga upya. Na mara nyingi inarudi vibaya zaidi, hata ukurasa wa kulipia haufunguki, mtu anashindwa kulipa hata akiwa na pesa mkononi.

Wapo wanaoahidi kubadilisha IMEI. Hilo ni kosa la jinai kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kwangu wanakuja kila wiki na hilo ombi, nawarudisha.

#3 Yakhe_Malindi
Mbona rahisi hilo. Ahame mtandao tu. Anatuma neno HAMA kwenda 15080, anakwenda kwa wakala wa mtandao mpya, anabaki na namba yake. Kampuni ya zamani watamtafuta wapi?

#4 Fundi_Mlandege
@Yakhe_Malindi hapana. Kuhama mtandao, ambako kumeanza 2017, kunahamisha namba. Hakuhamishi deni wala hakufungui simu. Kufuli liko kwenye IMEI, laini utie yoyote uitakayo. Na huyo mama atabaki na namba yake ile ile mtandao mwingine, simu imefungwa vile vile. Tena ukiwa na deni la laini yenyewe, la malipo ya baadae au la salio la kukopa, hata huko kuhama kwenyewe unaweza kukwama.

#5 Karani_Mwanakwerekwe
Tupige hesabu kwanza. 1,300 mara siku 365 ni 474,500. Ongeza kianzio, 534,500. Toa bei ya taslimu 320,000, zinabaki 214,500. Hiyo ndiyo bei ya kukopeshwa kwa mwaka, theluthi mbili ya thamani ya simu, na nnashangaa wakala wangapi wanaiweka jumla hii mbele ya mteja. Wanataja 1,300 tu, mtu anaona ni nauli ya daladala.

BintiJambiani, mama keshalipa kiasi gani mpaka sasa? Kuna pahala ukifika, kurudisha ni khasara kuliko kumaliza.

#6 BintiJambiani
@Karani kama miezi mitano na kidogo, ukitoa zile siku zilizofunga. Jambo jingine sijalisema: siku zilizofunga hazifutiki. Zinasogezwa mbele, kwa hiyo mwaka unakuwa mrefu. Ahsante Fundi kwa lile la kuflashi, kuna kijana kijijini alikuwa tayari keshajitolea.

#7 Wakili_Vuga
Swali lenyewe ni moja: simu ni ya nani sasa hivi? Atoe ule mkataba asome. Mikataba hii iko namna mbili, na madukani zote zinaitwa "mkopo".

Namna ya kwanza, kampuni inabaki mwenye simu mpaka shilingi ya mwisho. Wewe ni kama mpangaji. Hapo ukirudisha simu ikiwa nzima, kwa kawaida mkataba unaishia hapo, unapoteza ulicholipa na pengine unadaiwa siku zilizopita tu.

Namna ya pili, umeuziwa simu siku ile ile, ikawa yako, na bei ndiyo unayodaiwa. Hapo kurudisha simu si kulipa. Kampuni ina haki ya kukataa kuipokea.

Wakala mara nyingi hajui tafauti hii. Anasema alichoambiwa kwenye semina ya nusu siku.

#8 MwanaBara_Amani
Wakili, kwani simu si jambo la Muungano? Kwa hiyo ni Sheria ya Mikataba ya Bara inayotumika, Sura ya 345.

#9 Wakili_Vuga
@MwanaBara_Amani posta na simu ni jambo la Muungano, ndiyo. Ndiyo maana TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, wapo huku na sheria ya 2010 inatugusa. Lakini mkataba wa kuuziana na kukopeshana si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Mikataba, Sura ya 149. Zote mbili, yetu na ya Bara, shina lake ni Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, kwa hiyo misingi inafanana sana.

Na ule msingi unaomfaa huyu mama ni huu: mkataba ukitaja kiasi cha kulipa kwa kuuvunja, mahakama haikupi kiasi hicho kwa sababu tu kimeandikwa. Inatoa fidia iliyo ya haki, isiyozidi kile kilichotajwa. Bara ni kifungu cha 74. Kampuni ikichukua simu nzima ikaiuza tena, halafu ikadai na malipo yote ya miezi iliyobaki, itabidi ieleze khasara yake ni ipi.

#10 MwanaBara_Amani
Sawa, lakini mkataba wangu mimi umeandikwa kabisa kwamba utafuata sheria za Tanzania na mashauri yatasikilizwa Dar es Salaam. Sasa huyo mama wa Jambiani apande boti kwenda Dar kwa simu ya laki tatu?

#11 Wakili_Vuga
Hapo umegusa penye maumivu. Kwa karatasi ana haki. Kuifikia haki hiyo ndiko kugumu, na kampuni zinalijua hilo.

#12 Mkaazi_wa_Leicester
Salaam kutoka baridi. Huku Uingereza mkataba wa simu ni miezi 24, na mtu akitaka kutoka mapema kuna utaratibu. Unatuma neno INFO kwenda 85075, unajibiwa kwa ujumbe unadaiwa nini ukitoka leo. Ukitaka kuondoka na namba yako unatuma PAC kwenda 65075. Utaratibu huu umeanza Julai 2019, kabla yake walikuwa wanakuweka kwenye simu na mtu wa kukubembeleza usiondoke.

Ukinunua kwa mtandao au kwa simu una siku 14 za kubadilisha mawazo. Zikipita, unalipa ada ya kutoka. Na siku hizi kampuni nyingi zimetenga vitu viwili: mkataba wa huduma mbali, mkopo wa simu mbali. Ule mkopo wa simu unaweza kuumaliza wakati wowote kwa Sheria ya Mikopo ya Walaji ya 1974, na kama ulikuwa na riba, unapunguziwa riba ya muda uliobaki.

Ndugu zetu huko nyumbani mnahitaji kitu kama ile INFO. Mtu ajue kwa ujumbe mmoja: ukitoka leo, unadaiwa hiki.

#13 Yakhe_Malindi
Leicester na wewe kila uzi lazima utuletee baridi yako 😄 Haya, tumekusikia. Tuletee na hiyo INFO yenyewe ukija Mfunguo Mosi.

#14 Karafuu_Chake
Mimi niliwahi kujitoa kwa mlango mwingine: kulipa zote. Nilichukua simu ya mkopo hapa Chake, msimu wa karafuu ukaingia, nikapeleka karafuu ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, nikalipwa, nikasema namaliza deni mara moja nipumzike na kujifunga kwa simu. Nilidhani kwa kuwa nalipa mapema watanipunguzia. Hawakupunguza hata senti. Jumla ni ile ile, ulipe leo ulipe mwakani.

Halafu baada ya kulipa zote, simu ikajifunga tena wiki ile ile. Duka la Chake wanasema mfumo uko Dar. Nilipiga simu huduma kwa wateja mpaka nikachoka, na kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa na ujumbe wote wa malipo, sikufuta hata mmoja. Nilipowasomea namba za miamala, moja baada ya moja, ndo yule dada akasema "subiri kidogo", akarudi, simu ikafunguka nikiwa bado naongea nae.

Kwa hiyo anaelipa, asifute ujumbe. Na akimaliza aombe waraka wa kumaliza deni, kwa maandishi, uwe na IMEI ya simu. Neno la mdomo la wakala halimfungulii mtu simu.

#15 Ustadh_Kikwajuni
Aliyoyasema Karafuu_Chake yana upande wa dini ambao watu wanauruka. Kuuza kwa bei kubwa zaidi kwa sababu ya kuchelewesha malipo, wanavyuoni wengi wanajuzisha, ilimradi bei iwe moja, ijulikane siku ya kuuziana, na isiongezeke mtu akichelewa. Huyo mama kama siku zake zinasogezwa tu bila kuongezewa, hapo hakuna riba ya kuchelewa. Kama kuna faini juu yake, hilo ni jambo jingine.

Kupunguziwa kwa kulipa mapema, wenyewe wanaita *dha' wa ta'ajjal*, punguza nikuharakishie. Wengi katika madhehebu manne, na sisi Shafi walio wengi hapa, hawakulijuzisha likiwa ni sharti. Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba alilijuzisha, na Ibn al-Qayyim akaliunga mkono. Baraza la Fiqhi la OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, Jeddah mwaka 1992, limepita katikati: inajuzu ikiwa haikukubaliwa tangu mwanzo na ni baina ya mdai na mdaiwa tu.

Kwa hiyo mtu anaweza kuomba apunguziwe. Kudai kama haki, hana.

#16 Karani_Mwanakwerekwe
Ustadh, shukran, lakini nina mashaka na hilo la "bei ijulikane". Mama wa Jambiani alitajiwa 1,300. Je, 534,500 aliijua? Ikiwa jumla imo ukurasa wa tatu kwa Kiingereza na yeye anasoma Kiswahili na Kiarabu, tunasema bei ilijulikana?

#17 Ustadh_Kikwajuni
@Karani hapo pana gharari, yaani kuuziana jambo lisilojulikana vizuri, na hoja yako ina nguvu. Mtu aliekwenda kununua na hakuelezwa jumla, ridhaa yake ina kasoro. Lakini kama alitajiwa 1,300 na siku ngapi, basi vyote viwili vilijulikana, na wapo watakaosema kuzidisha ni kazi yake.

#18 Mvuvi_Nungwi
Kuzidisha ni kazi yake! Mama yangu hakusoma skuli hata siku moja, azidishe 365 kwa 1,300 akiwa amesimama kaunta na watu nyuma yake?

#19 Wete_Mjini
Nyie mnazungumzia waliosaini. Mimi sikusaini kitu. Nilinunua simu ya mkononi, yaani iliyokwisha tumika, kwa mtu hapa Wete, nzuri, haina hata mkwaruzo, bei ya kuridhisha. Ikafanya kazi vizuri, halafu asubuhi moja naiwasha inaniambia nilipe malipo ya mkopo na inanitaja kwa jina la mtu nisiemjua. Alieniuzia hapatikani.

Sasa mimi niko kwenye mkataba au siko?

#20 Fundi_Mlandege
@Wete_Mjini uko nje ya mkataba lakini simu iko ndani. Ndio ubaya wake. Kabla ya kununua simu ya mkononi, bonyeza *#06# upate IMEI, itume kwa ujumbe kwenda 15090 uone kama simu ni halali. Lakini huo uhakiki unakwambia tu kama simu ni feki au la. Haukwambii kama inadaiwa. Njia ninayotumia mimi: naomba niiweke upya mpaka mwanzo, mbele ya muuzaji, niunge na Wi-Fi. Kama ni ya mkopo, katika kuanza tu italeta ukurasa wa kampuni kwamba simu hii inasimamiwa. Muuzaji akikataa niiweke upya, nami nakataa kununua.

#21 Wakili_Vuga
Hili la Wete linategemea tena ile namna ya kwanza na ya pili niliyosema #7. Kama simu bado ni ya kampuni, alieuza ameuza kisicho chake, na wewe dai lako ni kwa yeye. Nenda polisi uandikishe, usingoje. Kama ilikuwa yake na anadaiwa tu, kampuni kukufungia wewe ambae si mdaiwa ni jambo la kubishania.

#22 DadaWaFuoni
Nami niliacha kulipa makusudi, nikasema waje waichukue. Hawakuja. Walichofanya ni kuwapigia watu wangu. Siku ya kuandikisha waliniomba namba mbili za jamaa, nikampa ya kaka na ya shoga yangu kazini. Wakaanza kumpigia yule shoga: "Mwambie mwenzako alipe." Ofisi nzima ikajua. Nilijisikia vibaya kuliko deni lenyewe.

#23 MwanaBara_Amani
Dada, hao wamepigwa marufuku. Benki Kuu Novemba 2024 imetoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, sababu ni hayo hayo ya kudhalilisha watu.

#24 Karani_Mwanakwerekwe
@MwanaBara_Amani orodha ile ni ya programu za kukopesha pesa mtandaoni. Muuza simu kwa mkopo si lazima awemo. Kwa DadaWaFuoni naona njia iliyo karibu zaidi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume yake. Namba ya shoga yako uliitoa kwa ajili ya kukutafuta wewe. Kumtangazia yeye deni lako ni kitu chengine.

#25 DadaWaFuoni
Ahsante Karani. Nilikuwa sijui kama kuna tume ya hilo.

#26 BintiJambiani
Nimerudi na mkataba, mama kaupata chini ya godoro. Wakili, umesema kweli. Kuna kipengele kinasema kifaa kinabaki mali ya kampuni mpaka malipo yote yakamilike. Na kipengele kingine chini yake kinasema mteja anaweza kurejesha kifaa kikiwa katika hali nzuri, "kwa makubaliano ya kampuni", na malipo yaliyokwisha fanywa hayarudishwi. Hakijasema kama deni lililobaki linafutwa au la. Kimekaa kimya kabisa.

Nimempigia wakala nikamsomea. Akanambia "hayo ni maandishi tu, sisi tunafuata mfumo."

#27 Wakili_Vuga
Maandishi ndiyo mkataba. Asirudishe simu kwa wakala huyo. Aandike barua, hata kwa mkono, nakala mbili, aseme anarejesha kifaa kwa kipengele namba fulani, ataje IMEI, aombe wathibitishe kwa maandishi kwamba hana deni jingine. Aipeleke ofisi ya kampuni mjini, nakala yake igongwe muhuri. Simu aikabidhi baada ya kupata jibu. Wakikataa kupokea barua, aende Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, kwa kuwa hili ni suala la mlaji na muuzaji.

#28 Fundi_Mlandege
Mimi nasema TCRA. Simu ni mawasiliano.

#29 Wakili_Vuga
TCRA wana nguvu juu ya mwenye leseni ya mawasiliano. Muuza simu huyu kama ni kampuni ya mikopo tu, watamwambia si wetu. Kama mkopo umetoka kwa kampuni ya mtandao yenyewe, hapo nakubaliana na wewe: alalamike kwanza kwa kampuni apate namba ya lalamiko, ndio apande TCRA.

#30 Karani_Mwanakwerekwe
Mimi bado naona asirudishe. Keshalipa kianzio na miezi mitano, ni zaidi ya 250,000. Akirudisha anabaki mikono mitupu na hana simu, na mnunuzi wa mwani atampata vipi? Bora aombe wabadilishe ratiba, alipe kwa bamvua badala ya kila siku. Kiasi ni kile kile, wanachokosa wao ni nini?

#31 Mvuvi_Nungwi
Karani hapo nakuunga mkono. Sisi baharini ni hivyo hivyo, mwezi mpevu dagaa hatupati, giza likirudi tunapata. Mkataba wa kila siku umeandikwa na mtu mwenye mshahara.

#32 BintiJambiani
Nimemuuliza mama. Anasema kulipa kwa bamvua angelikubali jana. Lakini mfumo wao hauna nafasi hiyo, ukilipa nyingi kwa pamoja inahesabu siku za mbele tu, na bamvua likiwa bovu tunarudi pale pale. Nitaandika barua yenye maombi mawili: wabadilishe ratiba, au wapokee simu na kufuta deni. Wachague.

#33 Mwenyeji_Paje
Samahani nauchepusha uzi kidogo. Mimi nina nyumba ndogo ya wageni, nilichukua intaneti ya ruta kwa mkataba wa mwaka, ruta wamenipa bure. Aprili na Mei masika, wageni hakuna, nafunga, na bili inakuja vile vile. Na mawimbi yenyewe jioni yanakufa, wageni wanalalamika. Naweza kujitoa kwa hoja kwamba huduma ni mbovu?

#34 Wakili_Vuga
@Mwenyeji_Paje hoja ya wageni kutokuwepo ni dhaifu, hiyo ni biashara yako. Hoja ya huduma mbovu ni nzuri ukiwa na ushahidi. Pima kasi kila jioni, piga picha ya kioo yenye tarehe na saa, kila tatizo lifungulie lalamiko upewe namba. Huyu wako ana leseni ya mawasiliano, kwa hiyo hapa Fundi ameshinda, ni TCRA moja kwa moja ukikosa jibu. Na soma kama hiyo ruta ya "bure" ina bei iliyofichwa ya kulipa ukitoka mapema.

#35 Mwenyeji_Paje
Nimesoma sasa hivi. Ipo. Bei yake wameandika kamili, kama mpya, hata ukitoka mwezi wa kumi na moja.

#36 Karafuu_Chake
Waulize na hili: ukiwarudishia ruta yenyewe, hiyo bei wanaidai kwa kitu gani? Nami nilikuwa na ruta kama hiyo kabla sijahamia Pemba kutoka Unguja. Niliwapelekea ikiwa na boksi lake na waya wake, nikataka risiti ya kupokelewa, wakaondoa bei ya ruta wakabakisha bili ya mwezi ule tu. Boksi usilitupe.

#37 Wete_Mjini
Na mimi wa simu ya mkononi, mbona mmenisahau? Polisi wameniandikia, wameniambia nilete jina lililotokea kwenye kioo. Nikiwasha sasa haliletwi tena, inaleta namba ya kulipia tu. Fundi, kuna namna ya kulirudisha lile jina?

#38 Fundi_Mlandege
Iwashe kwa data ya laini nyingine, usitumie Wi-Fi, uiache iwake kama robo saa. Ikileta, piga picha kwa simu ya pembeni kabla hujagusa kitu. Na usilipe hata shilingi, ukilipa watakuhesabu wewe ndie mteja.